Hofu Yenye Anwani

Kila anayeupenda mji wenye vibaka ana hesabu zake za kichwani. Mkoba unahamishwa upande wa ukutani. Simu haitolewi mpaka uingie mahali penye watu. Pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yako unageuka haraka; ukikuta ni mtu anatafuta namba ya nyumba, unaona haya kidogo, na kesho utageuka tena. Funguo zinatoka mfukoni kabla hujafika mlangoni, maana ile nusu dakika ya kupapasa gizani ndiyo wanayoivizia. Ukishaingia unatuma ujumbe: nimefika.

Hesabu hizo sizibezi. Ninazo na mimi, na mtu aliyewahi kupigwa kabali haambiwi kwamba anajitisha bure. Ninayogombana nayo ni ile hofu nyingine, ya "mji umeshaharibika huu". Haina mtaa wala saa. Inaletwa na video ya uporaji inayozunguka simu hadi simu, haijulikani ni ya mwaka gani wala ya nchi gani, na chini yake pameandikwa: kuweni makini, wapo kila mahali.

Kila mahali hawapo. Watafiti waliochambua simu zilizopigwa kwa polisi wa Minneapolis, Marekani, walichapisha matokeo mwaka 1989: nusu ya simu zile zilihusu asilimia 3 hivi tu ya anwani za mji. Miji mingine iliyochunguzwa baadaye imeonyesha sura hiyohiyo. Hata mtaa wenye sifa mbaya kuliko yote, ukiingia ndani yake, mara nyingi tatizo ni kichochoro kimoja na kituo kimoja kisicho na taa. Nyumba nyingine zote ni za watu waliochoka na kazi, wanaotaka kulala.

Na hofu ya namna hii haishuki hata uhalifu ukishuka. Mwaka 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,200 katika mji wa New York. Mwaka 2017 hawakufika 300. Nchi nzima uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua mno katika miaka hiyo, lakini karibu kila mara kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilipouliza, Wamarekani wengi walijibu kwamba uhalifu unaongezeka. Walipoulizwa kuhusu mtaa wao wenyewe, jibu lilikuwa afadhali. Mtaa wako unauona kwa macho, nchi unaisikia.

Linaloniudhi kuliko yote ni ushauri wanaopewa wasichana: giza likiingia, usitoke. Sisemi barabarani hawasumbuliwi. Wanasumbuliwa, tena kila siku. Lakini takwimu za Umoja wa Mataifa zinasema kwamba wanaouawa makusudi duniani, karibu wanne kati ya watano ni wanaume, na wanawake wanaouawa, zaidi ya nusu huuawa na mwenza au ndugu. Tunamkimbiza binti kutoka barabarani kumrudisha ndani, halafu huko ndani hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo majirani zangu, ukitutumia tahadhari, andika kona gani, saa ngapi, walikuja kwa miguu au kwa pikipiki. Tukishajua hayo tutapita pale wawili wawili, na tutakuwa na la kupeleka ofisini: nguzo ile, taa ile. Taa si kitu cha kupuuzwa. New York walipoweka taa kali za muda kwenye makazi ya umma mwaka 2016, uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takribani theluthi moja. Wakikujibu kwamba bajeti haijatoka, waulize itatoka mwezi gani, na mwezi huo ukifika mrudi, safari hiyo mkiwa wengi zaidi.