Sijajificha Iringa

Jumamosi iliyopita tulikuwa Mafinga kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Baada ya chakula, mjomba, mtu ninayemheshimu sana na ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita, akaniuliza mbele ya ukoo mzima: "Mwanangu, ofisi inakupeleka Mbeya, mshahara unapanda, wewe unang'ang'ania Iringa. Unajificha nini?" Watu wakacheka. Nikasema, "Hapana, mjomba," nikanyamaza, maana mkubwa habishiwi hadharani. Lakini kuanzia Mafinga mpaka Ipogolo, ndani ya Kosta, nilikuwa namjibu moyoni. Majibu yenyewe ndiyo haya.

Kwanza, Mbeya sisimuliwi. Nimekaa miaka minne, nimepanga Uyole, kazi ikiwa upande wa Mafiati. Kila aliyeishi kule anajua kwamba jiji lile ni barabara moja. Uyole, Sae, Ilomba, Mafiati, Nzovwe, Iyunga, mpaka Mbalizi, maisha yote yamejipanga kandokando ya barabara kuu ileile inayopitisha malori ya Tunduma, Zambia na Kongo. Mama anayempeleka mtoto kliniki, mwanafunzi, bajaji, gari la viazi na lori la mafuta, wote wamo humohumo. Najua inapanuliwa iwe njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na naomba ikamilike salama. Ila hata ikiwa njia nane, mtu wa Uyole mwenye kazi Mafiati ataendelea kuhitaji gari ili aishi.

Kuna siku moja, mwezi wa tatu, mvua imenyesha tangu mchana, lori lilianguka likalala kukata barabara. Mwanangu alikuwa na miaka minne, nimemwacha nyumbani na dada, na saa kumi na mbili jioni dada alinipigia kwamba mtoto anachemka. Baba yake alikuwa Songea kikazi. Nilikaa kwenye daladala saa nzima, haisogei hata hatua. Simu ikazima. Nikashuka nikaanza kutembea gizani, mtaro mkono wa kushoto, magurudumu mkono wa kulia, viatu nimevishika mkononi. Nilifika saa nne usiku. Jirani alikuwa ameshambeba mtoto kumpeleka zahanati, Mungu ambariki yule mama popote alipo. Mtoto alipata nafuu siku ya tatu. Mimi mpaka leo nikisikia lori likifunga breki usiku, roho inanipaa.

Sasa angalia Iringa ilivyokaa. Barabara kuu inapita huko chini Ipogolo, ng'ambo ya mto, na mji uko juu kilimani. Wazee wanasema jina lenyewe limetoka kwenye "lilinga", yaani ngome. Wajerumani walipoiangusha Kalenga, ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka 1894 walikuja kujenga boma lao huku juu kwa sababu za vita, hawakuwa wanamfikiria mwanangu hata kidogo. Lakini matokeo yake ni kwamba lori la Zambia halina sababu ya kupita mbele ya shule yake. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwa masikitiko kwamba reli ya TAZARA ilitukwepa, ikapita Mlimba ikatokea Makambako na kwenda zake Mbeya. Ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya Mbeya kukua vile. Ile ilianza na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, ikapata barabara, ikapata reli, na katika sensa ya 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 540,000. Manispaa ya Iringa tulikuwa 200,000 na ushee. Mjomba anazitaja tofauti hizi kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Mimi mji naupima kwa miguu. Kutoka kwangu Kihesa mpaka Miyomboni natembea dakika arobaini, na nikiwa na haraka ni chini ya hapo. Soko kuu, benki, kanisa na ofisi yangu vyote viko ndani ya mwendo huo. Mwanangu sasa ana miaka minane, anaenda shule kwa miguu na watoto wa majirani, wamevaa masweta, mwezi wa saba mvuke unawatoka mdomoni. Njiani anaamkia watu. Shikamoo kwa fundi viatu, shikamoo kwa babu wa kiosk, kamwene kwa bibi anayeuza njegere, ambaye asiposalimiwa Kihehe haitikii. Mwaka jana niliugua malaria, sikupita njia ile siku mbili. Siku ya tatu mama wa mboga alimtuma kijana wake na fungu la mnafu, aulize nimepatwa na nini. Sikuwa nimemwambia ninapoishi. Alijua tu natokea wapi na nageukia kona ipi. Mbeya kwa miaka minne nilinunua nyanya kwa mama mmoja pale kituoni kila jioni, na sidhani kama aliwahi kuniona uso, kwa sababu sote tulikuwa tunaangalia gari linalokuja.

Nilijaribu kupiga hesabu, maana mjomba ni mtu wa hesabu. Kule nilikuwa natumia saa tatu barabarani kila siku ya kazi, kwenda na kurudi. Wiki ni saa kumi na tano, mwezi saa sitini. Nyongeza ninayoahidiwa ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Gawanya: ni shilingi 4,000 na kidogo kwa saa, na hapo sijatoa nauli wala dada wa kukaa na mtoto mpaka usiku. Saa zenyewe ndizo zile za jioni, mtoto anapofungua daftari na kuniuliza hesabu za kugawanya. Mjomba, wewe uliuza ng'ombe wawili ili mimi nisome. Unajua vizuri kwamba kuna vitu vikishauzwa havirudi.

Haya, nakubali yaliyo ya kukubali. Mgonjwa akizidiwa sana hapa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, na safari ni zaidi ya kilomita 300. Jirani yangu wa ukuta mmoja amefanya safari hiyo mara tano mwaka huu na figo zake, na kila akirudi napata aibu kusifia mji huu mbele yake. Kazi kule ni nyingi. Mchele na ndizi ni bei ya chini. Kijana wa miaka ishirini na tatu anayetafuta kuanza maisha simzuii, aende.

Wanaonikera ni wale wanaosema Iringa ni mji wa wanafunzi na wastaafu. Vyuo vya Mkwawa, RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha) na Chuo Kikuu cha Iringa vinatuletea vijana kila mwaka, na mstaafu aliyechagua kuzeekea Wilolesi au Gangilonga alikuwa na nchi nzima ya kuchagua. Hilo ni tusi la aina gani?

Ninachokiogopa zaidi kiko hapahapa nyumbani. Tumeanza kujenga mbali: Nduli, Igumbilo, nyuma ya Kitwiru, viwanja vinauzwa huku hakuna shule wala soko jirani, na kila nyumba mpya kule ni familia nyingine itakayoamka alfajiri kutafuta usafiri. Kila ninaposikia watu wakiombea Iringa iwe jiji natamani niwaulize kama wamewaza watoto watatembelea wapi. Wenye mamlaka ya kupima viwanja, tafadhali, pimeni shule na soko kwanza kabla hamjagawa viwanja vya kuuza, na kila barabara mnayotia lami iwekeeni njia ya mguu pembeni. Mtaa wetu tumeiomba njia hiyo kwa barua mbili. Ya tatu naiandika wiki hii.

Ofisini nimeshawajibu kwamba nabaki. Bosi ameshangaa, ila amekubali. Mjomba, harusi ikiisha njoo ukae nasi wiki moja, mjukuu wako anataka akupeleke mwenyewe mpaka shuleni kwake akakuoneshe bustani yao. Njoo na koti. Ukishuka stendi Igumbilo nipigie nikufuate na bajaji, kutoka pale na mizigo ni mbali kutembea.