Usilinyanyue gari lililochoka springi

Jeki iliposhushwa na Prado langu likasimama lenyewe, watu watatu pale gereji walipiga makofi, na mimi wa nne. Lilikuwa limepanda kwelikweli. Mwanangu wa miaka saba ilibidi abebwe ndipo aingie. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia, "Bosi, hili sasa ni la porini." Nililipa bila hata kuomba punguzo.

Gari lenyewe ni Prado lile la zamani, toleo la 1996 hadi 2002, milango mitano, dizeli ya 3.0 yenye turbo. Mimi nakaa Iringa, shamba la mpunga liko ng'ambo ya Ifakara, na anayeijua njia ya huko mwezi wa nne hahitaji kusimuliwa. Udongo ni mfinyanzi mweusi, matrekta yameshapita, yameacha mifereji ambayo ukiingiza tairi hutoki mpaka itakapoishia yenyewe. Kila msimu tumbo la gari linakwaruza tuta la katikati. Nikajiambia gari ni fupi, linyanyuliwe.

Seti kamili za kiwandani zipo, springi na shokapu zake, nyingi zinatoka Australia. Ukitajiwa bei unaanza kuwaza bodaboda. Kwa hiyo nilifanya kama wengi tunavyofanya: nikaenda kwa mkerezaji. Akatoa pande la nailoni nyeupe, lile linalofanana na ubao wa kukatia nyama, akalifunga kwenye mashine, na kwa saa mbili hivi nyuzi nyeupe zikawa zinamwagika sakafuni kama nazi inayokunwa. Zikatoka spesa nne safi, yaani vipande vya kupachika kwenye springi ili bodi ipande, kila moja unene wa sentimita tano. Tulitaka gari lipande tano, tukakereza tano. Nani angebisha hesabu hiyo?

Kosa lilianzia hapo hapo, kabla ya bolti hata moja kulegezwa. Mbele ya Prado hili, shokapu na springi yake havikusimama juu ya tairi. Vimesimama karibu na katikati ya mkono wa chini, ule ambao ncha yake moja imeshikwa na chesisi na nyingine imebeba tairi. Chukua mwiko, bana ncha moja kwa mkono wa kushoto, kisha sukuma katikati yake kwa wa kulia. Ile ncha ya pili itakwenda kama mara mbili ya ulivyosukuma. Ndivyo ilivyo mbele ya gari hili: spesa ya sentimita moja juu ya shokapu inashusha tairi kama sentimita mbili. Zetu za tano zilitupa tisa na nusu. Nyuma, ambako springi imekaa juu ya ekseli yenyewe, tano ni tano. Fundi alipoona pua imepanda kuliko mkia hakujiuliza kwa nini. Alikwenda kukerezesha spesa nyingine mbili akazipachika nyuma juu ya zile za kwanza, nailoni juu ya nailoni.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa barabara. Wiki ya pili nikikata kona, mbele kushoto pakawa panalia ka-ka-ka. Shafti za mbele zilikuwa zimeinama kupita kiasi, mikunjo ya mipira inayofunika viungo vyake inasagana, mmoja ukachanika na kurusha grisi rimu nzima. Jirani akaniuliza mbona gari linatembea ubavu kama kaa. Nikambishia mpaka alipoliendesha yeye na mimi nikasimama nyuma kutazama. Kumbe ile fimbo ya chuma inayozuia ekseli ya nyuma isiyumbe, kwa kuwa ncha moja imefungwa kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli, bodi ikipanda inaivuta ekseli upande mmoja. Kwa sentimita tano usingeona. Kwa karibu kumi hata jirani anaona.

Lililonitoa jasho lilikuwa mteremko mkali wa Kitonga. Nateremka na mifuko sita ya mbolea, malori mbele, malori nyuma, nakanyaga breki na gari linazamisha pua tu, kama mkia haumo kwenye kazi. Harufu ya breki za mbele ikaingia ndani. Nikarudi gia ya pili, nikateremka kwa mwendo wa mgonjwa mpaka Ruaha Mbuyuni, nikapaki chini ya mti na kukaa tu.

Baadaye nilielezwa. Nyuma kuna valvu ya breki yenye kifimbo kinachokwenda kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Mkia ukikaa chini, inaelewa gari limebeba, inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Mkia ukiwa juu, inaelewa gari ni tupu, inazipunguza ili matairi ya nyuma yasijifunge. Sasa mimi nimebeba mbolea, lakini mkia uko juu kwa sababu ya nailoni. Valvu haina macho. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zina kitu hicho hicho, na sijawahi kumsikia anayenyanyua magari mtaani akikitaja.

Aliyenieleza ni fundi mzee ambaye hakushika spana kwa nusu saa nzima. Alishika futi. Alipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, akaniambia tung'oe nailoni zote kisha apime tena. Tulipong'oa, upande wa dereva ulikuwa chini kuliko wa abiria kwa sentimita mbili, na springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. "Kijana," akasema, "gari lako halikuwa fupi. Limezeeka." Springi zilikuwa zile zile lililotoka nazo Japani.

Tukafunga springi mpya za kipimo cha kawaida, si za kunyanyua. Gari lilipanda sentimita nne.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na mtindo huu. Magari mengi ninayoona yakinyanyuliwa kwa nailoni, kwa mabomba yaliyochomelewa, kwa ile mipira inayopachikwa katikati ya mizunguko ya springi, yamechoka tu. Ile mipira ndiyo inayoniudhi kuliko vyote: inaizuia mizunguko miwili kufanya kazi, mizigo yote inabebwa na iliyobaki, halafu springi inavunjika na mtu analalamikia barabara.

Sisemi mafundi wetu hawana uwezo. Nenda Arusha uone Land Cruiser za utalii: chesisi imekatwa ikarefushwa, paa linafunguka juu, na gari linakula vumbi la Serengeti miaka na miaka. Hiyo ni kazi ya gereji za hapa hapa. Kuchomelea tunajua. Tunachoruka ni kupima, kwa sababu mteja hapigi makofi mtu akipima.

Na kama bado unataka kupanda, springi zako ni nzima, mimi kwa Prado hili nisingevuka sentimita tano kwenye tairi, maana yake spesa ya mbele ni mbili na nusu tu. Ningekereza ya alumini. Kabla ya kufunga ningekagua boljointi za chini, vile viungo vinavyounganisha mkono wa chini na tairi, kwani kwenye toleo hili uzito wa gari unaning'inia kwenye boljointi badala ya kuikalia, ikichomoka tairi linalala. Kibano cha kile kifimbo cha valvu kipandishwe kwa kiasi kile kile, mipira ya breki itazamwe ekseli ikiwa imening'inia, kisha alaimenti, yaani kunyoosha matairi, siku hiyo hiyo, si mwezi ujao.

Halafu ujue kitu kimoja ambacho hakuna spesa inayokibadilisha: difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Imefungwa kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Nyanyua bodi mpaka ifike mawinguni, difu itabaki palepale ikilima tuta. Mimi nilitoka kwenye tairi za 265/70 nikaweka 265/75, zenye ubavu mrefu zaidi, rimu ile ile ya 16. Difu ikapanda sentimita moja na kidogo. Ndogo, ndiyo, lakini kwa springi mpya na sentimita hiyo nilifika shambani mwezi wa nne uliopita, nikakwaruza mara moja tu, na hapo nilichagua mfereji vibaya mwenyewe.

Zile nailoni sita ziko stoo, moja inazuia mlango usijifunge kwa upepo. Kijana mmoja wa mtaani mwenye Suzuki Escudo ameziona, akauliza nauza bei gani. Nimemwambia aje Jumamosi na gari, mimi nitakuwa na futi.