Kinu Kikizimwa, Joto Hubaki

Mei 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukataa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kando ya bahari yao, wakatawanywa kwa vitoa machozi. Baadaye serikali ikageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mradi umehama, na hofu imeufuata: mionzi, saratani, samaki kufa.

Wanaoutetea hawasemi upuuzi. Katika ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima ya 2011, serikali ya Japani imekiri kifo kimoja tu cha mfanyakazi kilichotokana na mionzi. Kilichoua zaidi ni kuhamishwa: watu zaidi ya 150,000 waliondoka makwao, na vifo zaidi ya 2,000 mkoani humo vikahusishwa na dhiki hiyo, wengi wakiwa wazee. Moshi wa makaa ya mawe nao huua wengi zaidi kila mwaka, kimyakimya.

Hayo nayakubali. Kinachonitia hofu ni jinsi ajali yenyewe ilivyoanza. Tetemeko lilipopiga, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe, sawasawa kabisa. Lakini kinu hakizimiki kama taa. Mara tu baada ya kuzimwa, fueli bado hutoa kama asilimia 6 ya joto lake, na ni lazima maji yaendelee kuzungushwa siku baada ya siku. Pampu zinataka umeme. Nyaya za nje zilishakatika, jenereta zikawaka. Dakika 50 hivi baadaye wimbi la tsunami la takriban mita 14 likafurika vyumba vya chini zilimokuwa. Fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Kituo cha Onagawa, kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kilisalimika kwa kuwa kilijengwa mahali pa juu zaidi. Majirani waliopoteza nyumba walikimbilia humo humo.

Sasa turudi kwetu. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki giza na abiria wamekwama, kwa sababu jenereta ya akiba iligoma kuwaka. Ndege inaweza kusubiri. Fueli ya kinu haisubiri.

Kuna na suala la ukubwa. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya umeme nchini hakikufika megawati 2,500. Kinu cha 1,000 kikijizima ghafla, gridi itapoteza zaidi ya theluthi ya umeme wake, nchi iingie gizani, na kinu chenyewe kikose umeme wa nje saa ileile kinapouhitaji. Watetezi watajibu kwamba miundo mipya, kama AP1000, hujipoza saa 72 bila umeme wa gridi, bila jenereta wala mkono wa mtu. Ni kweli, na ni hoja yao bora kuliko zote.

Kwa hiyo maafisa wakija Siaya, mimi nisingewaonyesha picha za ajali ya nyuklia ya Chernobyl. Ningewauliza ni muundo upi, jenereta zitawekwa juu kiasi gani, na kama msimamizi wa usalama anaweza kukifunga kinu hata Ikulu ikikataa. Kisha ningeomba daftari la jenereta ya hospitali iliyo karibu, nione mara ya mwisho ilijaribiwa lini.