Nyani Haoni Kundule, na Mimi Sioni Taa Zangu za Nyuma

Gari kuukuu likiharibika mbele linakuambia mwenyewe. Taa kubwa ikizima unajikuta gizani, honi ikikauka unaijua palepale. Likiharibika nyuma, linawaambia watu wote isipokuwa wewe unayelinywesha mafuta. Mimi nimeendesha mkweche wangu sijui miezi mingapi nikijiona dereva mstaarabu, kumbe huko nyuma nawakonyeza watu wa watu.

Siku hiyo dereva mmoja alinipita akifumba na kufumbua vidole. Nikadhani ananisalimia, nikampungia. Wa pili naye vilevile, nikampungia. Wa tatu akateremsha kioo: "Mzee, unakata kulia au unasimama? Chagua moja!"

Nilipofika nyumbani nikamwomba mama Neema akae kwenye usukani, akanyage breki, mimi nichungulie nyuma. Taa ya kushoto ikawaka vizuri. Ya kulia ikawaka kinyonge, kama mtu aliyeamshwa usingizini, na indiketa ya upande huohuo, ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ikapata uhai kidogo. Sauti ikatoka mbele: "Baba Neema, nikikanyaga breki taa za dashibodi zinawaka. Ndivyo lilivyo?"

Nikamjibu ndivyo lilivyo. Ningesema nini?

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Balbu hiyo." Huyu jirani kila kitu kwake ni balbu, injini ikitoa moshi atasema balbu. Lakini nilimsikiliza, na hapo ndipo nilipojiongezea kazi. Balbu ya nyuma kwenye magari mengi ya zamani ni moja yenye nyuzi mbili ndani: uzi wa wati 5 kwa taa ndogo, na wa wati 21 unaowaka ukikanyaga breki. Vijipini vyake vya ubavuni havilingani kimo, na vimefanywa hivyo makusudi, ili mtu wa aina yangu asiichomeke kinyume. Mimi nikaenda kununua ya uzi mmoja. Ikagoma kuingia. Nikaisukuma kwa hasira ya mwenye mali, ikaingia. Kitako chake kikagusa ncha zote mbili za soketi kwa mpigo, na tangu hapo nikikanyaga breki mchana kweupe zinawaka taa ndogo zote, mpaka ile ya kumulika namba.

Jirani akasema, "Umeona? Imewaka."

Nikarudisha ya nyuzi mbili, unyonge nao ukarudi. Nikakaa chini nikatumia kichwa, kitu ambacho ningeanza nacho. Kama kushoto breki inawaka vizuri, basi fyuzi ni nzima na umeme unafika nyuma. Ubaya uko kulia kwenyewe.

Na ubaya wa kulia ukiwa wa namna hii, taa moja inapokanyagiwa wakaamka majirani zake wote, mara nyingi ni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi. Umeme ni mgeni: ukimfungulia mlango wa kuingilia, umwachie na wa kutokea. Mlango wa kutokea ni ule waya uliofungwa kwa boliti kwenye bati la bodi. Kutu ikiuziba, mgeni hasemi basi, narudi nilikotoka. Anapenya kwenye ule uzi wa pili wa balbu, anaibukia indiketa, anapitia dashibodi, anazurura gari zima akitafuta pa kutokea, na kila anapopita anawasha taa.

Nikafungua buti, nikafunua zulia. Jamani. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu aliwahi kulifungia tela, na waya za tela aliziungia kwenye waya za taa: nyekundu, nyekundu, na nyekundu nyingine, zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu iliyokwisha kuyeyuka gundi. Aliyefanya kazi ile hakuwa fundi umeme, alikuwa msusi. Chini yake ndiyo boliti ya ethi, imevimba kutu mpaka haijulikani kichwa ni kipi.

Kabla ya kuigusa nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye mwili wa soketi, nyingine kwenye bati safi. Taa ikaruka! Nyekundu ya haki! Nilicheka peke yangu, kichwa kikiwa ndani ya buti, jirani akasema kimya kimya kwamba nimeanza wazimu. Nikaifungua boliti, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaikaza, nikaipaka grisi.

"Mama Neema! Kanyaga!"

Zikawaka zote mbili, sawasawa, kama macho ya bundi.

"Achia!"

Zinawaka.

"Mama Neema, achia!"

"Nimeachia."

"Nasema toa mguu kwenye breki!"

"Baba Neema, mimi hapa." Alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Ndani ya gari hakuna mtu. Ufunguo ninao mfukoni. Taa za breki zinawaka, na kwa kuwa kwenye magari mengi hazihitaji ufunguo ili ziwake, zingewaka mpaka asubuhi, betri iwe imekufa.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya usukani. Juu ya pedali kuna swichi yenye kijiti. Pedali ikiwa imetulia inakibonyeza, taa zinazima. Ukikanyaga, kijiti kinachomoza, taa zinawaka. Sasa kwenye mkono wa pedali, pale kijiti kinapogusa, huwa kuna kidude cha plastiki kimechomekwa tunduni. Kikizeeka kinasagika. Changu kilikuwa hakipo, kijiti kimepenya tunduni kimetulia humo. Nikaziba kwa boliti fupi yenye kichwa bapa, nati kwa nyuma. Taa zikazima.

Ndipo nikakumbuka vile vipande vya rangi ya maziwa nilivyovikuta juu ya mkeka wa miguuni juzi, nikamgombeza Neema dakika kumi nzima kwa kula biskuti ndani ya gari. Nikamwita, nikamwonyesha kimoja kilichobaki.

"Nilikuambia baba si biskuti," akasema. "Mimi nilikionja."