Lumpkin Aliliogopa Soko Lake Mwenyewe

Mwaka 1844 Robert Lumpkin alinunua gereza la watumwa mjini Richmond, Virginia, bondeni karibu na kijito cha Shockoe. Watu walifungiwa humo wakisubiri kunadiwa. Palijulikana kama Nusu Eka ya Shetani. Kulikuwa na chumba cha kuchapia, sakafuni pete za chuma: mtu analazwa, anafungwa mikono na miguu humo, kisha anachapwa. Anthony Burns, mtoro aliyekamatwa Boston mwaka 1854, alisota humo miezi minne na pingu zake.

Na uani hapohapo ndipo Lumpkin alipokuwa akiishi na Mary, mtumwa wake, aliyezaa naye watoto watano. Mabinti wawili aliwapeleka shule Massachusetts, wakasome kama watoto wa wenye nazo. Baadaye akawaweka Pennsylvania, kusikokuwa na utumwa, kwa kuhofia kwamba biashara ikiyumba wanawe watanadiwa kulipa madeni yake.

Msomaji wa pwani atashangaa. Kwetu mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru, na Seyyid Barghash mwenyewe, sultani wa Zanzibar, mama yake alikuwa suria. (Sitetei utumwa wetu; mama huyo naye alikuwa amenunuliwa.) Virginia, tangu mwaka 1662, sheria ilimfanya mtoto afuate hali ya mama. Kwa hiyo wale mabinti walikuwa damu yake, na papo hapo mali yake, sawa na farasi wa zizini.

Watu hupenda kusema hao walikuwa watu wa zama zao, hawakujua. Kwa Lumpkin nakataa katakata. Alijua msichana akishashuka jukwaani ananunuliwa na nani, na kwa kazi gani, maana wanunuzi walikuwa wateja wake. Aliwahamisha wanawe kwa sababu alijua. Asubuhi akarudi kufungua geti, awapokee mabinti wa wenzake.

Alikufa mwaka 1866, akamwachia Mary gereza. Mwaka 1867 Mary akalikodisha kwa Nathaniel Colver, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa akihangaika kupata mahali pa kuwasomesha watu waliotoka utumwani. Shule hiyo ndiyo mojawapo ya mizizi ya Chuo Kikuu cha Virginia Union. Kabla ya masomo kuanza, nondo zilibidi zing'olewe madirishani.