Rubaga mwili, Namirembe ishara

Ukisimama Rubaga, kilima cha kanisa kuu la Wakatoliki jijini Kampala, kilima cha Namirembe, cha Waanglikana, unakiona hapo ng'ambo. Rubaga, maneno ya Yesu "Huu ndio mwili wangu" husomwa yalivyo: mkate umekuwa mwili. Namirembe watakuambia mwili huo hupokewa kiroho, kwa imani. Shuka bondeni sasa, uingie kanisa la walokole. Huko siku sita za uumbaji ni siku za saa 24, na anayebisha ameshapotea. Ila mchungaji huyohuyo akifika kwenye mkate anasema ni ukumbusho tu. Naye Mkatoliki, mkali kwenye mkate, hana ugomvi siku sita zikiwa lugha ya picha. Augustino mwenyewe aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja.

Kwa hiyo sijakutana na Mkristo anayesoma kila mstari neno kwa neno. Kila mmoja ana mahali anapoligeuza neno kuwa fumbo.

Hata hivyo wanaoshikilia neno lilivyo nisingewacheka. Wakristo wa kwanza Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, na Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Mkulima aliyejua kusoma aliweza kumwonyesha kasisi mstari kwa kidole. Kila kitu kikiwa fumbo, lazima awepo mfumbuzi, na mfumbuzi huyo mara nyingi ndiye mwenye digrii. Walokole wa miaka ya 1930 (neno lenyewe tumelitoa Kiganda) walikuwa wakiungama hadharani na kurudisha mali waliyoiba, kama Zakayo. Mhubiri wa mafumbo angewaambia watubu moyoni, basi, na mwenye ng'ombe angebaki bila ng'ombe wake.

Lakini uthabiti huohuo una upande wa kutisha. Mwaka 1914 Joshua Kate, chifu aliyekuwa na cheo cha Mugema, na Malaki Musajjakawa walianzisha kanisa lililokataa dawa zote, za hospitali na za mganga, kwa hoja kwamba Maandiko yanamtaka mtu amtegemee Mungu peke yake. Walipopinga chanjo ya tauni, serikali ya kikoloni iliwahamisha mbali na Buganda mwaka 1929. Walikuwa waaminifu kweli, hilo siwanyimi. Ila Biblia hiyohiyo inamwita Luka tabibu mpendwa, na Paulo anamshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kosa lao silioni katika kushika neno lilivyo. Walishika mistari michache, mingine wakaipita.

Nasi tunaoitwa wasomi wa mafumbo tunapita vilevile, tena kimyakimya. "Leteni zaka kamili ghalani" naisikia ikisomwa neno kwa neno, na bahasha zinapita. "Viuze ulivyo navyo vyote, ukawagawanyie maskini" nayo nimeihubiriwa mara nyingi, na kila mara Yesu alikuwa anazungumzia hali ya moyo.