Tuiangalie Gundi Kabla ya Mchanga

Mtu wa pwani aliyekulia katika nyumba ya mawe na chokaa ataona ajabu akiambiwa kwamba katika kinamasi cha maji ya chumvi chokaa ndiyo huangamia mapema, na kwamba vinavyodumu humo kwa mamia na hata maelfu ya miaka ni vijumba vya mchanga vilivyogandishwa kwa gundi ya kiumbe mwenye seli moja.

Viumbe hao huitwa foraminifera. Baadhi yao hujitengenezea gamba la chokaa. Wengine hunyoosha nje ya mwili nyuzi laini zinazonata, wakaokota punje za mchanga na tope, wakazipanga na kuzishikanisha kwa gundi wanayoitoa wenyewe.

Mwaka 1915, Mwingereza Edward Heron-Allen alitetea hoja kwamba namna wanavyochagua vifaa vyao ni dalili ya kusudi na akili. Siafikiani naye. Ni kweli kwamba zipo spishi zinazopokea punje za aina fulani na kuziacha nyingine, lakini kuchagua peke yake hakuthibitishi akili. Chekeche nayo huchagua.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sifa zote hupewa punje, ilhali kazi kubwa imefanywa na gundi. Mtazame Miliammina fusca kwa hadubini: gamba lake refu limejaa punje zilizobanana kama kokoto ndani ya zege, na mtu yeyote atasema huyu ndiye fundi. Kisha mtazame Entzia macrescens, ambaye punje zake ni chache, ukuta wake wa kahawia karibu wote ni gundi, na akikauka vyumba vyake hubonyea ndani kama mpira uliotoka pumzi. Mimi nampa huyu wa pili heshima kubwa zaidi. Yeye huishi juu kabisa ya kinamasi, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, na ambapo mizizi na majani yanayooza hutia udongo asidi inayoyeyusha magamba ya chokaa. Gundi yake haiyeyuki kwa asidi hiyo.

Kwa sababu hiyo David Scott na Franco Medioli, waliochunguza vinamasi vya Nova Scotia nchini Kanada, waliweza kuonyesha mwaka 1978 kwamba tabaka lenye magamba ya aina hii, yaliyoachwa na viumbe wanaoishi karibu na kimo cha maji ya bamvua, hutambulisha usawa wa bahari ya kale kwa kukosea takriban sentimita 5 tu, juu au chini. Kama ukuta huo ungekuwa wa chokaa, sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo ingekuwa imepotea. Jamaa zao wanaojenga kwa punje wamo pia katika tope la mikoko yetu, nalo linafaa kusomwa kwa uangalifu uleule: lioshwe juu ya chekeche yenye matundu ya mikromita 63, kisha magamba yahesabiwe yakiwa bado majini, kabla yale yenye kuta za gundi hayajabonyea.